Maji Yaliyomiminwa Ndani ya Mafunjo

Muzee alikuja kwenye kibanda changu asubuhi ya mvua, amebeba madaftari manne ya shule ndani ya mfuko wa plastiki alioufunika kwa koti. Kibanda kiko Katindo, karibu na barabara inayoingia kambi ya askari. Huku Goma kazi yangu tunaiita sekretaria. Ninawapigia watu kwenye ordinateri, yaani kompyuta, barua za kuomba kazi, hati za kuuza kiwanja, karatasi za misa ya ndoa na za misa ya wafu. Vita ikikaribia, za ndoa zinapungua na zile nyingine zinaongezeka. Ninapiga majina ya marehemu bila kuyasoma. Vidole vinaenda vyenyewe, nami niko mahali pengine, na huko mahali pengine mara nyingi hakuna kitu.

"Habari ya kazi, mama," akasema.

"Nzuri, Papa. Ni barua?"

"Si barua. Ni kitabu kidogo." Akatoa madaftari, akayapangusa ingawa hayakuwa yamelowa. "Nilifundisha biolojia huko Sake mpaka nikastaafu. Hiki ni kinamasi chetu, yale mafunjo ya chini ya mji. Nimekiandika miaka mingi."

"Kwa Kifaransa?"

"Kwanza kwa Kifaransa. Hakuna mutu aliyesoma. Sasa nimeandika kwa Kiswahili, kwa watoto wa shule wanaopita pale kila siku wameziba pua."

Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Sikumwambia kwamba nyumba yetu ya utotoni ilikuwa imeyapa mgongo mafunjo hayo hayo. Hakuuliza, na mimi si mtu wa kueleza.

Daftari la kwanza nilianza kulipiga siku hiyo hiyo kwa sababu mvua ilizuia wateja. Mwandiko wake ulikuwa wa mwalimu, umesimama wima. Aliandika hivi: "Bua la funjo lina pembe tatu. Likate uone. Ndani ni jeupe kama mkate, limejaa hewa, ndiyo maana linasimama majini maisha yake yote bila kuchoka." Ukurasa uliofuata ulihusu maji: "Maji ya milima ya Masisi yanashuka mekundu kwa udongo. Yakiingia kwenye mafunjo yanapunguza mwendo, yanaacha udongo wao pale, kisha yanatokea upande wa ziwa yakiwa maangavu. Sisi tunaona potopoto, tope tu. Kumbe ni chujio."

Nilipiga hayo yote kama ninavyopiga hati ya kiwanja. Sentensi moja tu ndiyo iliyonisimamisha kidogo: "Kwa wakaaji wengi wa Sake, kinamasi ni mahali pa kutupa." Hao tulikuwa sisi.

Papa yangu alitoka Butembo, akashuka Sake kufuata biashara ya maharagwe, akafungua duka la chumvi, sabuni na mafuta ya mawese. Tulikuwa watu wa milimani na watu wa duka. Majivu ya jiko tulitupa kwenye mafunjo, maganda ya ndizi tulitupa kwenye mafunjo, na paka alipokufa Papa alimshika mkia akaenda kumtupa huko huko. Kutoka mule ndani tulipata mbu, na vyura waliopiga kelele mpaka Mama akawa anawatukana kwa Kinande. Akina mama wengine waliingia kukata mabua ya kusukia mikeka. Mama yangu alinunua mikeka yao, lakini mguu wake hakuutia.

Kisha wakimbizi wakavuka kutoka Rwanda, wengi kiasi ambacho mtoto hawezi kukieleza. Kambi zikajaa kuelekea Mugunga. Kolera ikaingia. Watu wakasema kwamba maiti zilitupwa majini, huko na huko, hata kwenye mafunjo yetu. Mimi sikuona maiti mule, na sijui kama kuna aliyeona. Lakini tangu wakati huo Mama alitukataza hata kunawa mikono na maji yale.

Nilikuwa na miaka tisa vita ya kwanza ilipofika. Mdogo wangu, msichana, alikuwa na minne. Kambi zilikuwa zinavunjwa, milio ya bunduki ilitoka upande wa Mugunga, na barabara ilijaa watu waliobeba magodoro. Papa alikuwa Butembo kutafuta bidhaa, njia ilishakatika. Mama alibaki na sisi wawili na mama jirani.

Huyu mama jirani alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mume wake karani. Ua wao na wetu ulikuwa mmoja. Alitusuka nywele mimi na mdogo wangu, akapika kwenye jiko letu, Mama akapika kwenye lake. Asubuhi ile ya kukimbia nilimwona bombani akijaza bidoni yake ya manjano, dumu la kubebea maji. Mama alikuwa na bidoni pia, ila alisema atamfunga kwanza mtoto mgongoni, kwa kuwa mtoto alikuwa na homa tangu jana yake. Bunduki zikalia karibu. Bidoni yetu ikabaki ukutani, tupu.

Barabarani tulipotezana na mama jirani mara moja. Mbele watu walianza kurudi mbio wakisema askari wamefunga njia, nyuma wengine walizidi kusukuma. Mama akasimama, akatazama huku na huku, kisha akanishika mkono na kuteremka nasi ndani ya mafunjo.

Tulikaa mule siku mbili. Mama alilaza mabua mengi moja juu ya jingine akafanya kitu kama kitanda kilichokuwa kinazama polepole. Mdogo wangu alilala juu yake, sisi wawili tulisimama, maji yakifika magotini. Juu yetu vichwa vya mafunjo vilifunga mbingu. Risasi zilipita, zikanyamaza, zikapita tena.

Mdogo wangu aliomba maji.

"Ngoja," Mama alimwambia. "Tutakunywa tukitoka."

"Haya hapa, Mama."

"Haya si ya kunywa. Haya yana watu."

Ndipo tukasikia mtu anamimina maji. Ilikuwa karibu, labda hatua thelathini kutoka tuliposimama. Du-du-du-du-du-du, sauti nzito, ikishuka, ikienda kasi kidogo mwishoni, kama bidoni iliyojaa inavyofanya ukiinamisha shingo yake. Mama akageuza uso. Hakukuwa na shaka. Mtu yeyote aliyewahi kuishi na bidoni anaijua sauti ile.

"Wandugu," Mama akasema, si kwa nguvu. "Muko na maji? Mutoto iko nachomeka."

Sauti ikakatika pale pale. Hakuna aliyejibu. Tukangoja. Baada ya muda ikaanza tena, sasa mbele zaidi kidogo, kama mtu aliyesogea ili asikamatwe.

Mama akaniinamia. "Umeona ni nani wako kule?"

Nikamjibu: "Ni mama jirani. Nimeona bidoni yake."

Nilikuwa nimeona kitu cha manjano kati ya mabua, mara moja, kikapotea. Au sikukiona. Nadhani nilitaka awe yeye, kwa sababu yeye angetupa. Mpaka leo sijui niliona nini.

Tangu hapo Mama alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tulivyomwita siku zote nyumbani. Alimwita asubuhi na jioni. Alimwambia: "Dada yangu, siombi ya kwangu. Kifuniko kimoja tu." Kila alipoita, kule kulinyamaza. Kila alipochoka, maji yalimiminwa tena. Siku ya pili kabla ya saa sita mdogo wangu aliacha kuomba. Mchana akafa. Mama alimrudisha mgongoni, akamfunga kwa kitenge kama mtoto anayelala, na kesho yake tukatoka. Tulimzika kwenye ukingo wa shamba la maharagwe, la mtu tusiyemjua. Mama alichimba kwa jembe lililoachwa pale, na mimi kwa mikono. Sikulia. Nilikuwa ninatazama wadudu weupe waliokuwa wanatoka kwenye udongo.

Papa alitupata baada ya miezi, akatuhamishia Goma, kwenye nyumba ya mbao huko Mabanga. Haukupita mwaka, mama jirani naye akaja kukaa Mabanga, avenue ya tatu kutoka kwetu. Siku ya kwanza alipotuona sokoni alitupa kikapu chini na kuja mbio, mikono wazi, huku akilia. Mama alimpita kama mtu anavyopita mti. Mimi nilimfuata Mama.

Basi ikawa hivyo, miaka ishirini na zaidi. Kanisani Mama alihamia upande wa kushoto kwa kuwa yule alikaa kulia. Nyumbani hakumtaja jina. Alimwita "yule wa maji". Mara mbili mama jirani alikuja mpaka mlangoni, amebeba kitu kikubwa kilichofungwa ndani ya kitenge. Mara zote mbili Mama alifunga mlango, na mimi nikasikia viatu vyake vikirudi juu ya mawe ya volkano. Papa alijaribu kuuliza, akaachishwa, mwishowe akafa kwa ugonjwa wake bila kupatanisha mtu. Mimi nikikutana na mama jirani njiani nilimwamkia macho yakiwa chini. Aliitika kila mara. Aliniuliza habari za Mama, nikasema yuko salama.

Sasa nirudi kwa muzee na madaftari yake.

Daftari la tatu lilikuwa la ndege. Nilifika pale siku ya Jumatano, mchana, gurupu ya umeme ya jirani inanguruma na mteja mmoja amekaa kwenye benchi akingoja karatasi za misa ya baba yake. Nilipiga kuhusu mnana anayefuma kiota juu ya bua linaloyumba. Nilipiga kuhusu ndege wa buluu anayevua samaki. Kisha nikapiga hivi:

"Kuna ndege mkubwa wa hudhurungi, kichwa cheusi kinachong'aa buluu juani, mkia mzito, anayependa kutembea chini kati ya mabua kuliko kuruka. Vitabu vya Kiswahili vinawaita ndege wa ukoo wake tipitipi au dudumizi. Utamsikia mara mia kabla ya kumwona mara moja. Mlio wake ni wa maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba: unaanza juu, unashuka, unaharakisha. Mgeni atageuka kumtafuta mwenye chupa. Ukimkaribia au ukisema neno, ananyamaza, anajisogeza kimya chini ya mafunjo, na baada ya muda anamimina tena mahali pengine."

Nikaweka nukta. Nikaisoma tena sentensi ya mwisho, ambayo si desturi yangu. Nikaangalia vidole vyangu juu ya klavye. Nilingoja kitu kinipate, labda kizunguzungu, labda kilio. Hakikuja. Nilihifadhi kazi, nikafungua karatasi za mteja, nikampigia misa ya baba yake kuanzia wimbo wa kuingia mpaka baraka ya mwisho. Alisema nimefanya vizuri.

Muzee aliporudi nilimpa kurasa zilizokamilika. Akakaa kusoma, miwani kwenye ncha ya pua. Nikamwacha amalize, kisha nikauliza.

"Papa, huyu ndege wa chupa. Ni kweli akisikia mutu ananyamaza?"

"Ni kweli kabisa. Ni mwoga sana."

"Na mchana analia?"

"Mchana, alfajiri, hata saa tisa wingu likitanda. Nilipohamia Sake nilikaa mwaka mzima nikifikiri akina mama wanajaza mitungi nyuma ya nyumba yangu. Nyumbani unasikia maji ya watu na maji yake, huwezi kutenganisha." Akavua miwani. "Wewe ulikaa karibu na mafunjo?"

"Nilikaa. Na wakati wa vita ya kwanza tulijificha ndani, na mama yangu na mdogo wangu. Mdogo wangu alikufa kwa kiu. Tulifikiri kuna mutu ana bidoni."

Nilimwambia kwa maneno hayo tu, kwa sauti ninayotumia kuwaambia wateja kwamba wino umekwisha. Muzee hakusema pole. Alikunja miwani, akaikunjua. Baadaye akasema, "Kama mama yako anataka kumsikia, mimi bado ninaishi kule kule."

Nilikaa na habari ile siku nne. Siku ya tano nilimkuta Mama nyuma ya nyumba anatwanga majani ya sombe, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia yote. Nilimsomea ukurasa. Alitwanga mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akaushika mwichi bila kuuinua.

"Soma tena pale anaponyamaza."

Nikasoma.

"Kwa hiyo hakukuwa mutu."

"Hakukuwa, Mama."

"Ni ndege."

"Ni ndege."

Akatazama ndani ya kinu. "Basi aliyemunyima maji ni mimi," akasema. "Yalikuwa hapa." Akagusa magoti yake.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilidhani ninamtua mzigo, kumbe nimeutoa mgongoni mwa mwingine nikamtwika yeye. Nikasema yale maji yalikuwa na maiti, yalikuwa na kolera. "Tulisikia hivyo," Mama akajibu. "Mimi sikuona hata mumoja." Akaendelea kutwanga.

Majuma matatu hakuzungumza ila yale ya lazima. Alikwenda misa, akarudi, akapika. Kisha asubuhi moja, nikiwa ninafunga viatu vya kazi, akasema, "Nipeleke nimusikie."

Tulikwenda Jumamosi. Muzee alitungoja kando ya barabara, amevaa buti za mpira, na jozi nyingine mbili mkononi. Alituongoza kwa njia ya wakata mikeka, ambayo mimi niliyezaliwa pale sikujua kwamba ipo. Mama alitembea nyuma yake akishika sketi. Nilifikiri atasimama tukiona maji, lakini hakusimama. Mahali paliponuka pananuka bado. Ila muzee alikuwa ameniharibia macho kwa maandishi yake: nilikuwa nikiona bua, ninaona pembe tatu, nikiona mkondo mwekundu unaingia, ninautafuta upande wa pili unapotoka mwangavu. Alituonyesha vipande vya magamba ya kaa juu ya jiwe. "Fisi maji amekula hapa asubuhi hii," akasema, na Mama akainama kutazama, akauliza kama fisi maji anauma watu.

Tulikaa juu ya mabua makavu. Labda nusu saa. Wakata mikeka wawili walipita, wakatusalimu, wakaendelea.

Kisha yule akamimina.

Mama hakushtuka. Aliinua kidole kimoja, kama mtu anayehesabu, akakishusha. Ndege alirudia mara tatu. Mara ya nne Mama akafungua mdomo na kusema, kwa sauti ile ile ya zamani, si kwa nguvu: "Wandugu, muko na maji?"

Kukanyamaza.

Tukangoja. Ikaanza tena, mbele zaidi, upande wa kulia. Mama akatikisa kichwa, mara mbili, polepole.

"Mwalimu," akasema, "haya maji yananyweka?"

Muzee akayatazama. "Yakichemshwa yananyweka, mama. Mabichi, na wakati ule wa kolera, kwa mutoto mwenye homa… pengine yangemuua. Pengine yasingemuua. Nikikuambia ninajua, nitakuwa nimekudanganya."

"Aksanti," Mama akasema. Naamini alimshukuru kwa dhati. Watu wote, hata padri, walikuwa wamempa majibu yaliyokamilika.

Tulitafuta shamba la maharagwe. Hakuna shamba, kuna nyumba za mabati na kanisa dogo la walokole, kwaya inafanya mazoezi. Mama alizunguka nyumba mbili, akauliza habari za mti uliokuwa karibu na kaburi, akaambiwa ulikatwa na watu wa kambi siku nyingi. Tulinunua mahindi ya kuchoma, tukala tumesimama, tukarudi Goma.

Jumapili iliyofuata baada ya misa Mama hakugeuka kuelekea nyumbani. Alipita avenue yetu, akapita ya pili, nami nikafuata. Mama jirani alikuwa amekaa mlangoni, mguu mmoja umevimba, ameuweka juu ya kiti. Alitutazama tunavyokuja, akajaribu kuinuka, akashindwa.

"Kaa," Mama akamwambia. "Nimekuja mimi."

Tukaletewa viti na mjukuu. Mama jirani ndiye aliyeanza, na alianza kwa kulia kidogo.

"Miaka yote hii nilijua ni sufuria."

"Sufuria gani?"

"Ile yako kubwa, uliyopikia komunyo ya kwanza. Ulikuwa umeniazima. Siku ya kukimbia niliiacha motoni na maharagwe ndani. Nilinunua nyingine, sawa na ile. Nilikuletea mara mbili, ukanifungia mlango. Nikasema, basi, kumbe mutu anaweza kukasirika hivi juu ya sufuria."

Mama alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni. "Niliisahau ile sufuria," akasema. Kisha akamwambia habari ya mafunjo, ya sauti, ya kifuniko kimoja cha maji. Hakuacha kitu, isipokuwa jina langu. Alisema tu, "Tulifikiri ni wewe."

Mama jirani alisikiliza na mkono mdomoni. "Sisi hatukuingia mafunjo," akasema mwishoni. "Tulipita barabara mpaka Minova. Bidoni ilinyang'anywa hata kabla hatujatoka Sake. Na mutoto, niliambiwa alikufa kwa homa. Homa tu." Akamshika Mama mkono. "Ningekupa. Unajua ningekupa."

"Ninajua. Hata wakati ule nilijua. Ndiyo maana iliniuma hivi."

Hawakukumbatiana. Mjukuu alileta chai, tukanywa. Mama jirani akauliza mdogo wangu alizikwa wapi, Mama akasema hapaonekani tena.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia Mama kwamba ni mimi niliyesema nimeona bidoni. Nilikuwa na hofu ya mtoto, katika umri wangu huu. Aliendelea kutembea, akikwepa mawe.

"Mimi ndiye nilikuuliza," akasema. "Mutoto akiulizwa anajibu."

Muzee alikuwa ameniuliza kama anaweza kuongeza kwenye daftari la ndege kwamba watu waliojificha walidanganywa na sauti ile. Nilikataa. Kisha, siku ya kutoa kitabu, niliandika mwenyewe chini ya ukurasa ule, kwa herufi ndogo: "Wakati wa vita, baadhi ya watu walimdhania ndege huyu kuwa mtu mwenye maji." Aliona, hakufuta. Vitabu vyake vilifika kwenye shule mbili za Sake, kisha watu wa Sake wakakimbia tena, na sasa shule moja wamelala ndani yake wakimbizi. Muzee yuko Goma, kwa binti yake. Anasema mafunjo yako pale pale.

Mama jirani sasa anakuja kwetu Jumapili, akiegemea fimbo. Mama anampa kiti chenye mto. Wanazungumza juu ya magoti yao na juu ya padri mpya anayehubiri kama mtu asiye na njaa. Mama si mchangamfu kuliko zamani. Usingizi wake umepungua. Mara nyingine akipokea kitu kutoka mikononi mwa yule mwenzake, mkono wake unasita hewani kabla ya kufika. Mimi ninawatazama kwa dakika chache, ninawasikia wanacheka jambo la Sake ambalo silikumbuki, kisha ninaingia ndani kupiga pasi nguo zangu za kesho.